Siku Zorka Alipoupata Mkataba

Zorka Ristevska alikuja kwenye karakana ya Terry Kolbe akiwa na miaka kumi na tisa, bado amevaa viatu vya kazini vyenye ncha ya chuma. Karakana hiyo iko Port Kembla, kusini mwa Sydney, nyuma ya kiwanda cha chuma. Terry alikuwa ameondoa mashine zote humo ndani, akaweka ulingo. Alifundisha mieleka ya maonyesho, ile ambayo mshindi anajulikana kwetu kabla watazamaji hawajakaa vitini. Mimi nilikuwa refa wake. Jina langu ni Duarte, lakini hapa mjini watu huniita Refa, hata dukani.

Terry alimtazama yule binti mfupi mwenye mabega mapana, akamuuliza kama amewahi kucheza mchezo wowote. Zorka akajibu kwamba anaendesha foklifti ghalani. Tukacheka. Terry akamwambia apande ulingoni aanguke chali mara hamsini, akitarajia atashuka kwenye ya kumi na kwenda zake. Zorka akaanguka zote hamsini. Kesho yake alirudi akiwa hawezi kugeuza shingo, akaanguka nyingine hamsini.

Baba yake, Mile, alitoka Bitola, mji wa Masedonia, akiwa kijana, akafanya kazi kwenye tanuri za chuma mpaka mapafu yakamshinda. Alikufa Zorka akiwa bado shuleni. Mama yake, Slavka, alikuwa mpishi katika ukumbi wa klabu ya Wamasedonia. Kanisani akiulizwa binti yako anafanya nini siku hizi, Slavka alijibu kwamba anafanya mazoezi, basi. Neno mieleka halikutoka kinywani mwake. Hata hivyo, kila tulipokuwa na onyesho alioka zelnik, ule mkate wa tabaka wenye mboga na jibini, akauleta umefungwa kitambaa. Tulikula wote, hata yule ambaye baada ya saa moja angemburuta bintiye kwa nywele.

Mwaka huohuo alikuja Maree Hanlon, binti wa mwenye bucha wa Dapto. Maree alikuwa mrefu, mzuri wa sura, na mdomo wake haukupumzika. Terry aliwapanga wapigane wao kwa wao, na kwa miaka kumi na miwili waliendelea kupigana wao kwa wao, mara mia mbili au zaidi. Watu wa nje hudhani wanaopigana ulingoni ni maadui. Ukweli ni kwamba mtu anayekubeba kichwa chini miguu juu, kisha akakuangusha, umemkabidhi shingo yako. Hufanyi hivyo na mtu usiyemwamini. Maree alikuwa msimamizi wa Zorka siku alipochumbiwa na Goce, na Goce alipoondoka, kwa sababu Zorka alikuwa ameenda kupigana Japani miezi mitatu bila kumuuliza, ni Maree aliyekwenda kumrudishia pete.

Maisha yenyewe hayakuwa na uzuri wowote. Walisafiri kwenye gari la Terry, ulingo umepakiwa nyuma vipandevipande: Dubbo, Wagga, Nowra, Canberra. Wakifika wanaufunga wenyewe, wanapigana juu yake, wanaufungua tena. Walivalia nguo chooni. Zorka alivunjika mtulinga, akapoteza meno mawili ya mbele, na mara moja Slavka alikaa Kwaresima nzima bila kusema naye, kwa kuwa alikuja kwenye karamu ya jamaa yao na jicho limevimba kama yai.

Alichokuwa akikitaka kilikuwa kimoja. Kulikuwa na kampuni kubwa ya Marekani, ile inayoonyeshwa kwenye televisheni dunia nzima, na mara chache ilikuja Sydney kujaribu watu. Mara ya kwanza walimwambia ni mfupi. Mara ya pili walimwambia apungue na atengeneze meno. Akapungua, akatengeneza meno. Mara hiyo ya pili Maree naye alikwenda, na watu wa kampuni waliambizana mbele yake kwamba ana sura ya televisheni.

Zorka alipofikisha miaka thelathini na mmoja, habari ikaja kwamba mtafuta vipaji wa kampuni hiyo anakuja mwenyewe Port Kembla, kwenye onyesho letu la Jumapili mchana, katika ukumbi wa klabu ya Wamasedonia. Alikuwa anakuja kumtazama Maree.

Terry aliwapa habari hiyo jikoni kwa Slavka, hapohapo klabuni, siku yenyewe, tukiwa tunakula.

"Maree anashinda," alisema. "Dakika kumi na tano. Zorka, kazi yako leo ni kumpendezesha mwenzio."

"Nimempendezesha miaka kumi na miwili, Terry," Zorka akajibu. "Nimeshazoea."

Maree akamgonga bega. "Usinune, dada. Nikifika Amerika nitakutafutia kazi ya kunibebea mabegi."

"Nitakuibia," Zorka akasema.

Wakacheka wote wawili. Nilimwona Zorka akicheka, na sikuona tatizo. Ila zelnik ya mama yake hakuigusa.

Ukumbi ulijaa. Mgeni alikaa safu ya tatu, amevaa koti la kijivu, daftari dogo gotini. Maree alipigana siku ile kama mtu aliyeshushiwa baraka. Kila Zorka alipomrushia kitu alikipokea vizuri, akaanguka vizuri, akainuka vizuri. Kwenye dakika ya kumi na moja Zorka alimwinua kichwa chini miguu juu, akasimama naye hivyo huku watu wakipiga makofi. Hapo alitakiwa ajiangushe nyuma pamoja naye, Maree atue kwa mgongo mzima. Walikuwa wamelifanya jambo hilo mara zisizo na idadi. Safari hii mkono wa Zorka uliachia mapema. Maree alishuka peke yake, kwa bega na shingo. Mlio wa anguko lile niliusikia mimi tu, kwa kuwa ukumbi mzima ulikuwa umesimama unashangilia. Kwao lilikuwa jambo la ajabu kuliko yote waliyoyaona mchana ule.

Sisi tuna ishara. Mtu akiumia kweli, refa anainua mikono juu ya kichwa, anaipishanisha, na kila kitu kinasimama hapohapo. Niliinama, nikatia vidole vyangu kwenye kiganja cha Maree nikamwambia abane.

"Refa," alisema polepole, "mkono wangu sijui uko wapi."

Zorka akaja akamlalia kifuani, nywele zimemfunika uso ili watu wasione anazungumza.

"Ameumia kweli," nikamwambia.

"Najua. Hesabu."

"Zorka, ni yeye anayeshinda."

"Hesabu, Refa. Tafadhali."

Nikahesabu. Nilipiga sakafu mara tatu, na kwetu anayelaliwa mabega chini mpaka tatu ameshindwa. Maree hakuinua bega, kwa kuwa hakuweza. Baada ya hapo ndipo nilipoinua mikono na kuipishanisha.

Nilimwambia Terry kwamba nilihesabu ili pambano liishe upesi Maree ahudumiwe. Daktari nilimwambia hivyohivyo, na mke wangu pia. Hesabu ya sekunde tatu ingemchelewesha nani? Lakini sikuhesabu kwa sababu hiyo. Nilihesabu kwa sababu Zorka aliniomba, na kwa miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu.

Zorka alisimama. Hakumtazama Maree. Alipanda kamba ya pili kwenye kona, akainua mikono yote miwili, uso ameuelekeza safu ya tatu, na akabaki vile wakati watu wa gari la wagonjwa wakipita chini yake na machela. Mgeni alikuwa anaandika. Slavka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha tanuri mkononi. Alitazama kidogo, akarudi ndani.

Simu kutoka Marekani ilikuja baada ya siku tisa. Mkataba wa miaka mitatu. Gazeti la Wollongong lilimpiga picha mbele ya kiwanda kilichommaliza baba yake. Klabu ilifanya karamu, padri akaja akabariki, wazee waliomcheka alipoanza wakawa wanamwita binti yetu. Wiki hizohizo Maree alikuwa anawekewa vyuma shingoni. Mkono wake wa kulia ulirudi nusu tu. Haukupanda tena kupita usawa wa kiwiko. Zorka alikwenda hospitali mara tatu. Mara mbili mume wa Maree alimrudisha mlangoni. Mara ya tatu akaambiwa mgonjwa amelala, na kupitia kioo aliona hajalala.

Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Tulipoumaliza mlima wa kuelekea Sydney, nikamuuliza.

"Ulimwachia makusudi?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Mkono ni wako."

"Nimeirudia kichwani kila siku, Refa. Kuna siku naona mkono umeteleza. Kuna siku naona nimeuachia mwenyewe. Sijui ipi ndiyo ilikuwa." Akageukia dirishani. "Na wewe ulihesabu."

Nikaongeza mwendo.

Alikaa Florida miezi kumi na minne, katika shule ya kampuni. Jina lake walilitupa siku ya kwanza. Ristevska, walisema, hakuna atakayeweza kulitamka. Walimpa jina jingine, wakamvalisha kofia pana ya ngozi yenye meno ya mamba, kwa sababu Mwaustralia lazima aonekane ni Mwaustralia. Mamba mwenyewe Zorka hakuwahi kumwona ila bustani ya wanyama, kwenye safari ya shule. Alionekana kwenye televisheni mara nne. Zote nne alishindwa, chini ya dakika tatu, na wasichana warefu wa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuwapendezesha, na walimsifu kwa hilo. Walisema hakuna anayeanguka vizuri kama yeye. Kwenye mazoezi mmoja wa wasichana hao alimwangukia vibaya juu ya goti. Kabla goti halijapona alipigiwa simu akiwa anafua nguo, akaelezwa kwamba kampuni inachukua mwelekeo mpya. Miaka mitatu iliyoandikwa kwenye karatasi, kumbe kifungu cha chini kiliwaruhusu kuikata wakati wowote wapendao.

Alirudi Port Kembla akitembea kwa kuchechemea. Slavka alimpokea, akamwekea chakula.

Wiki ya pili aliniomba nimsindikize Dapto kwa Maree. Maree alikuwa amepata kazi ya kukata tiketi kwenye bwawa la kuogelea la halmashauri, na ndiyo kwanza alikuwa anarudi. Alitukuta barazani kwake. Hakutukaribisha wala hakutufukuza.

"Walikuvalisha kofia," Maree alisema.

"Ndiyo."

"Niliona. Nilitazama zote nne."

Zorka akasema amekuja kuomba radhi. Maree alimsikiliza, huku akibadilisha mfuko wa vitu alivyonunua kutoka kidole hadi kidole cha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukuweza kumsaidia.

"Radhi ya nini?" aliuliza. "Ukiniambia mkono uliteleza, nakusamehe sasa hivi, tunaingia tunakunywa chai. Ukiniambia uliniachia, nitakusamehe pia, sijui lini, labda mwakani. Haya, niambie ni kipi."

Nilitamani adanganye. Neno moja tu la uongo lingetuingiza sote ndani ya ile nyumba.

"Sijui, Maree."

"Basi nikusamehe nini, mwenzangu?"

Kisha akanigeukia mimi, ambaye nilidhani nimekuja kama dereva.

"Na wewe, Refa. Wewe ulikuwa na mikono miwili mizima."

Akaingia ndani. Mlango aliufunga taratibu, kwa bega.

Njiani Zorka hakulia. Aliniambia nipunguze mwendo, goti linamuuma kila gari linaporuka. Jumamosi ile nilimrudishia Terry shati langu la refa, lile la mistari. Hakuniuliza kwa nini, na hajaniuliza mpaka leo.

Zorka alirudishwa kwenye ghala lilelile, zamu ya asubuhi, foklifti nyingine. Terry alimwomba afundishe, maana sasa vijana wanakuja kutoka mbali kwa ajili ya jina lake. Akakataa. Terry hakushindwa, alibandika kwenye ukuta wa karakana, upande wa barabara kuu, picha kubwa ya Zorka juu ya kamba, mikono juu, na maandishi kwamba hapa ndipo alipoanzia. Chini ya picha, pembeni, unaonekana mguu mmoja wa Maree, na mgongo wangu nimeinama. Zorka alikwenda kumwomba aitoe. Terry akamwambia picha ile inajaza viti, na kwamba ajivunie, ni wangapi mji huu wamewahi kufika alikofika yeye?

Picha ikabaki. Akienda kazini sasa hupitia upande wa bandarini badala ya barabara kuu, ingawa njia hiyo ni ndefu na goti halipendi mteremko wake.