Pembe Nne za Shuka

Mkewe alimpachika jina la Bubu tangu uchumba, na jina likaganda. Hakuwa bubu. Maneno yake yalikuwa machache, basi. Mke ndiye aliyewasemea wote wawili. Kwenye kibanda chao cha udobi, wateja waliondoka na nguo safi na utani juu.

Kazi moja tu haikutaka maneno: kukunja mashuka. Yeye pembe mbili, mke pembe mbili. Walilinyoosha shuka, wakalikung'uta, kisha mke akapiga hatua kumjia, pembe kwa pembe. Bubu hakusogea. Mke ndiye aliyekuja, miaka nenda miaka rudi.

Saratani ya damu ilimshika mke, na dawa zote zikagonga mwamba. Daktari akawaita. Watachukua chembe za kinga kutoka damu yake mwenyewe, alisema, wazifundishe kuitambua saratani, kisha wamrudishie zikapigane. Ila vita hivyo huzua fujo mwilini. Fujo ikizidi, hulegeza ukuta unaoulinda ubongo, na chembe nyingine hupenya hadi humo. Mtu hupotewa na maneno, hutetemeka, huzama usingizini. Wengi hurudi. Si wote.

"Zikifika kichwani zitakuta nini?" mke aliuliza. "Matusi yote nimeshamaliza kwa huyu."

Daktari alicheka.

Chembe zilizofundishwa zilikuja katika kimfuko kidogo cha dripu, kikaisha upesi. Kila asubuhi nesi alimuuliza mke kama anajua yuko wapi, akamwonyesha kalamu na saa azitaje, akamhesabisha kurudi nyuma. Mke alijibu huku akimwambia anauliza kama polisi. Nesi akamgeukia mume. "Baba, wewe ndiye unayemjua. Ukiona chochote, sema."

Homa ikapanda, ikashuka. Asubuhi moja mke alijibu maswali yote sawasawa, bila utani. Bubu akajiambia amechoka tu.

Mchana lililetwa shuka safi. Walikuwa wamezoea kulikunja wakisimama kando ya kitanda, angalau mke apate kucheka. Bubu akampa pembe mbili. Wakalinyoosha. Akasubiri.

Mke hakuja. Alizitazama pembe zile kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu mikononi. Bubu akavuta kidogo. Wapi.

"Njoo," alisema.

Mke akafungua mdomo. Likatoka nusu neno, likakatika.

Bubu alikuwa amesikia koridoni kwamba dawa ya kutuliza fujo huzimaliza na chembe zenyewe, saratani ikabaki haina wa kuizuia. Akisema, atamponza. Akinyamaza, je? Maisha yake yote alikuwa amenyamaza, na hakuna aliyekufa.

Akaliachia shuka. Akatoka koridoni na kumwita nesi kwa sauti asiyoijua mwenyewe.

Daktari alikuja mbio. Bubu akamwambia hofu yake, yote, bila kupumua.

"Huenda tukazipunguzia chembe nguvu," daktari alisema. "Lakini ubongo hausubiri, mzee wangu."

Dawa ikaingia. Mke alilala macho wazi, mkono ukimtetemeka, haongei. Bubu akaogopa ule ukimya kuliko ugonjwa. Akaanza kumsemesha. Maneno yalipomwishia, akataja nguo za wateja, moja moja. Gauni la mama wa bi harusi. Suruali ya fundi saa. Shati la mwalimu, lile lililoletwa na doa la kutu mgongoni. Akimaliza, anaanza upya.

Alasiri moja alipofika kwenye shati, midomo ya mke ilicheza.

"Lile doa," alisema polepole, "ulilitia wewe, Bubu. Na pasi."

Bubu akashika ukuta.

Walipata mwaka na ushei. Kisha saratani ikarudi, na safari hiyo haikuondoka.

Kibanda bado kiko wazi. Mashuka hukunja peke yake. Pembe mbili huzibana kwenye mlango, akalinyoosha shuka, akalikung'uta. Halafu yeye ndiye anayepiga hatua.