Biriani ya Posa na Chupa za Bwana Chen

Haya, leo nasimulia mwenyewe, maana nimechoka kusikia habari zangu zikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, wa mwisho niliyemsikia sokoni alisema nilizimia nikabebwa kwa machela. Sikuzimia. Lakini naona haya kusema kilichotokea kweli, kwamba mimi, mtu mzima mwenye mvi, nimevaa kanzu na kofia ya viua, nililia machozi na kamasi juu ya jamvi mbele ya wakwe, siku ya posa, kwa sababu ya chakula nilichokipika kwa mikono yangu miwili.

Kwetu huku Kinole mtoto ana baba yake na tunamheshimu sana, lakini yakija mambo ya kuoza, mjomba ndiye anayesikilizwa. Mimi sikujaaliwa binti, kwa hiyo Zuhura, mtoto wa dada yangu Mwajuma, ndiye binti yangu, nimemlea mgongoni tangu hajaota meno. Akapata mchumba, Rashidi, kijana wa Turiani, fundi wa mitambo huko kwenye miwa, mpole, ana adabu, shikamoo yake unaisikia kabla hujamwona. Kijana hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa shangazi yake, Bi Tatu, aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, na ambaye asiposema ndiyo, hakuna harusi.

Na Bi Tatu alikuwa na maneno. Alikuwa ameshatangaza Turiani nzima kwamba mwanaume mwenye akili timamu hapandi milima ya Uluguru kila mwisho wa wiki, mvua inyeshe jua liwake, kwa ajili ya msichana tu. "Huyo kalishwa," alisema. Yaani limbwata, ile dawa wanayosema mwanamke anamtilia mwanaume kwenye chakula akawa haoni wala hasikii. Maneno yakapanda mlima yakamfikia Zuhura, mtoto akalia siku mbili, hali wala hanywi. Ndipo mshenga, Mzee Athumani, akapatanisha: Bi Tatu aje mwenyewe Kinole, akae, ale, amwone binti na watu wake, halafu aseme neno lake la mwisho, ndiyo au hapana.

Sasa mtu mwenye busara angefanya nini? Angewaachia wanawake jiko. Mimi nikasimama katikati ya ua nikasema, "Siku hiyo jikoni naingia mimi."

Mwajuma akashika kiuno. "Kaka, wewe kaa barazani na wanaume wenzako upokee wageni."

"Nitapokea na nitapika."

(Niseme tu kwamba niliwahi kufanya kazi ya stoo miaka mitatu kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wanajenga barabara, na kila aliyekaa karibu na jiko la kambi anajiona mpishi. Nilikuwa nimeshapika biriani mara nne maishani mwangu, na mara tatu kati ya hizo watu walikula.)

Siku ikafika. Nikaamka alfajiri, nyama nikaiweka kwenye mtindi na tangawizi, iliki yetu, karafuu yetu, mdalasini tumebandua wenyewe shambani, na nilikuwa najisifu kwa sauti ili majirani wasikie. Mwajuma akaniuliza kama nimeonja, nikamjibu kwamba mimi chakula naonja kwa pua. Kweli nilisema hivyo. Wamo watu walionisikia na hawajanisamehe mpaka leo.

Mambo yalikuwa yananinyookea hadi nilipofika kwenye vitunguu, vile vya kukaanga mpaka vikauke, vya kumwagia juu ya wali wa biriani, maana biriani isiyo na vitunguu juu ni wali na mchuzi tu. Viko kwenye mafuta, vimeanza kugeuka rangi, simu ikaita, Mzee Athumani anaulizia njia, maana Rashidi anayeijua yuko gari la nyuma. Nikatoka nje kutafuta mtandao, nikamwelekeza, nikamwelekeza tena, nikamsalimia na Bi Tatu kwenye simu ("Shikamoo Bi Mkubwa," akaitika "marahaba" moja ya baridi kweli), narudi jikoni nakuta mkaa. Vitunguu vyote vimekuwa vyeusi, na vingine hakuna, na wageni wameshaanza kupanda mlima.

Hapo ndipo nikazikumbuka chupa za Bwana Chen.

Bwana Chen alikuwa mpishi wa ile kambi, na walipomaliza barabara wakaondoka aliniachia chupa nne pana, zenye kifuniko chekundu, ndani kuna mafuta mekundu yamejaa vitu vya kukaanga, vitunguu, saumu, maharage ya soya, vyote vikavu, ukitikisa unasikia vinagongana. Nilikuwa nimemwona akila kile kitu kila siku kwa miaka mitatu, kwenye tambi, kwenye mayai, kwenye tango, hata kwenye uji wa wali asubuhi, anachota kijiko kimejaa, anatafuna kara-kara-kara, uso mkavu, hatoki jasho hata tone. Alikuwa akinikaribisha nami nakataa kwa sababu ya dini. Siku ya kuagana nikaona niulize kabisa, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha "lete" na "kesho", nikalazimika kuguna kama nguruwe na kuonyesha ile chupa. Mtu mzima naguna! Akacheka mpaka akakaa chini, akatikisa kichwa hapana, akanichorea mmea wa maharage. Basi, nikaridhika, nikazihifadhi kabatini. Niliuliza kuhusu nguruwe. Kuhusu pilipili sikuuliza.

Mtasema wekundu hukuuona? Niliuona, nikajua ni rangi, kama ile tunayotia kwenye biriani. Nikafungua, nikanusa, harufu ya saumu na kitunguu cha kukaanga ikanipanda mpaka kisogoni, nikaona na punje ndogo zilizopasuka nikadhani pilipili manga tu (mtu wa Kinole ataogopaje pilipili manga?), nikamwaga chupa mbili nzima juu ya masinia mawili. Na ilipendeza, jamani. Mafuta yaliingia kwenye wali mweupe yakachora michirizi, na vile vikavu vikakaa juu vinang'aa. Mwajuma mwenyewe alisema, "Haa, kaka!" Nikafuta mikono, nikavaa kanzu, nikatoka na sinia kama bwana harusi.

Wageni wamekaa kwenye majamvi uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, Bi Tatu katikati ya wanawake, mgongo umenyooka, ushungi haujasogea hata kidole. Zuhura kaketi pembeni ya mama yake anatazama chini. Nami badala ya kuweka sinia ninyamaze, nikatoa hotuba. "Karibuni. Kila mnachokiona humu kimetoka shamba letu hapa hapa Kinole, viungo vyote, hakuna cha dukani."

Wakanawa. Bismillahi. Tonge la kwanza.

Kwanza hapakuwa na kitu, niliona watu wanatafuna, kara-kara, wanatazamana, wengine wanatikisa kichwa kwa raha, nikaanza kutabasamu. Halafu Mzee Athumani akakohoa. Halafu baba yake Zuhura, shemeji yangu mpole asiyesema, akasema "Lahaula." Halafu ua mzima ukaanza kuvuta pumzi kwa meno, sss, sss, watu wanashika maji, jasho linatiririka, na Rashidi, bwana harusi mtarajiwa, nikamwona anagusa midomo yake kwa vidole, anaigusa tena, anaibana, kisha akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Jamani, midomo yangu iko wapi?"

Bi Tatu akaweka mkono wake chini. "Hata mimi," akasema polepole. "Ulimi wangu umekufa ganzi. Ulimi wangu siusikii." Akanigeukia. "Mmetulisha nini?"

Mngekuwa ninyi mngesema ukweli. Mimi nikasema, "Ni iliki, Bi Mkubwa. Iliki ya huku ni kali."

"Iliki!" Bi Tatu akasimama. "Nimezaliwa nakula iliki, haijawahi kuniua ulimi! Nilisema mimi! Nilisema kijana kalishwa, mkaniona mchawi, sasa wametulisha wote!"

Nilimwona Zuhura amefunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na nikajua kabisa kwamba yule mtoto anaachwa, tena anaachwa na jina la limbwata ambalo halitamtoka maisha yake yote, na aliyemfanyia hivyo ni mimi. Mwajuma naye, kwa nia njema ya kunitetea, akakimbia jikoni akarudi na chupa tupu, akaiinua juu. "Si dawa! Ni hiki hapa, cha Wachina!"

Bi Tatu akaipokea, akaigeuzageuza, akaona yale maandishi ya Kichina. "Na maandishi ya hirizi yamo," akasema.

Ua ukalipuka. Huyu anaita gari, yule anataka maziwa, nami nasimama naeleza habari za kambi na Bwana Chen na mpaka ile ya kuguna kama nguruwe, na mnaweza kufikiria neno nguruwe lilivyosaidia pale. Ikabidi Mzee Athumani apige makofi.

"Tulieni! Mambo haya yana utaratibu. Aliyepika ale mbele yetu. Matonge matatu, tumwone."

Nikakaa. Bi Tatu mwenyewe akanipakulia, na hakunipakulia kutoka pembeni, alikomba pale juu palipojaa vile vikavu na mafuta, sahani ikawa nyekundu tupu. Naomba mjue kwamba mimi pilipili siiwezi, tangu utotoni, hata kachumbari nalia.

Tonge la kwanza lilinipasua. Masikio yaliziba. La pili machozi yakaanza, kamasi zikafuata, nikafuta kwa mkono wa kanzu, kanzu nyeupe ya Idi, na ule mkono ulikuwa na mafuta, kwa hiyo na macho nayo yakaingia kwenye shughuli. Nasikia watoto wanacheka kwenye ukuta wa jirani. La tatu nikalimeza nikijua sasa nimemaliza, naweza kufa.

Lakini kuna kitu kikatokea. Ile ganzi ilipofika sawasawa, ule moto ukakaa mbali kidogo, na nyuma yake nikaanza kusikia utamu. Saumu, tamu kabisa, kitunguu kinakatika kati ya meno, soya, chumvi, na chini yake iliki yetu na nyama iliyolala kwenye mtindi, vyote vinakuja vimeshikana mikono. Nikapiga tonge la nne. Nalia, natafuna, napiga la tano. Nikamwelewa Bwana Chen, miaka mitatu nimemkatalia rafiki yangu huyu raha kama hii! Nikavuta sahani karibu.

"Mshenga kasema matatu," nikasikia sauti ya Bi Tatu. "Wewe unafika la kumi."

"Nisamehe, Bi Mkubwa," nikasema huku kamasi zinatoka. "Nimeshindwa kuacha. Nilikudanganya kuhusu iliki, niliunguza vitunguu nikaona aibu. Mtoto hajui lolote. Hata jikoni hakuingia. Kama ni kosa, niache mimi, usimwache yeye."

Akakaa. Akanitazama nikila na kulia. Halafu, wallahi, nikaona mkono wake unarudi taratibu kwenye sinia, akachukua tonge dogo, la pembeni, akatafuna. Akachukua jingine, hili la katikati. Sss, akavuta pumzi. Mdomo wake ukaanza kupinda upande mmoja, nikadhani ni ganzi, kumbe anacheka, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka mabegani.

"Jamani sikilizeni," akasema akijifuta macho. "Anayelisha watu limbwata hali yeye. Huyu kamaliza sahani nzima huku anakufa. Watu wa hivi hawana dawa yoyote, ni wapumbavu tu." Akamgeukia Zuhura. "Mwanangu, njoo ukae hapa kwangu. Na ule, umekonda."

Mwajuma alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Morogoro mjini. Masinia yote mawili yalirudi jikoni hayana hata punje. Rashidi alipata midomo yake tena saa tisa alasiri, na kitu cha kwanza alichofanya nayo ni kuomba afungashiwe.

Zile chupa mbili zilizobaki ziliondoka na Bi Tatu, nami nimejifunza kutengeneza ya kwangu. Si mchezo. Mara mbili niliunguza pilipili ikawa chungu, mpaka nikagundua kwamba mafuta unayaacha yapoe kidogo kwanza ndipo unayamwagia juu ya pilipili, na saumu unaikaanga peke yake, polepole, uitoe kabla haijawa kahawia. Natia karanga zilizopondwa. Ile punje ya ganzi sijaipata, huku kwetu haioti. Lakini ya kwangu juu ya magimbi ya kuchemsha, aisee! Mama mmoja wa genge la chakula huchukua kila Jumamosi.

Nimeapa mbele ya dada yangu kwamba kitu nisichokijua sitakipika tena kwa watu tunaowahitaji, na kwamba siku ya shughuli jikoni sikanyagi. Juzi Bi Tatu akapiga simu. "Mjomba, siku ya harusi anapika nani?" Nikamwambia tumeshapata wapishi wazuri kutoka mjini. Akasema, "Basi tuahirishe, mpaka wewe upate nafasi."

Nimekubali, ningefanyaje. Nimetoa sharti moja tu: sahani ya kwanza nile mimi, hadharani, na yeye akae karibu yangu na kitambaa cha kunifuta machozi. Kasema ataleta viwili, kingine cha kwake.