Jina Langu Kwenye Kibali Chake

Kwa miaka minne jina langu lilikuwa kwenye fomu ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa fundi wa mdalasini kutoka Sri Lanka. Kiwanda chetu, ambacho kwa kweli ni ghala la bati pale Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, kilimwajiri atufundishe kumenya magome kwa namna wanayoitaka wanunuzi wa Ulaya. Mgeni hapewi kibali cha kazi hivihivi. Mwajiri lazima aonyeshe kwamba hajampata Mtanzania anayeijua kazi hiyo, halafu amtaje Mtanzania atakayefundishwa mpaka aishike mwenyewe. Kwenye karatasi waliuita mpango wa kurithishana ujuzi. Mpango wenyewe nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza stashahada ya kilimo na kukaa nyumbani kwa mama mwaka mzima nikituma barua za maombi. Bosi wetu ni mzee wa familia ya Kihindi ambayo imekuwa na duka mjini tangu wakati wa babu yake. Alinihoji kwa dakika tano. Aliniuliza kama naogopa visu, nikasema siogopi. Akanisogezea fomu nitie sahihi, na hapo ndipo nilipoliona jina la Fundi kwa mara ya kwanza, juu ya langu.

Kabla yake, wakulima wa Kinole na Mkuyuni walikuwa wakiukata mti mzima, wakiubandua magome mazito na kuyaanika juani barabarani. Fundi alitufundisha kukata vijiti vichanga, kukwangua gamba la juu, kusugua kijiti kwa fimbo nzito ya shaba mpaka gome lilegee, halafu kulichana na kulitoa zima, jembamba kama karatasi. Magome yanapangwa moja ndani ya jingine, yanajikunja yenyewe yakikauka kivulini. Wamenyaji wetu, akina mama kumi na wawili, waliyaita sigara. Fundi naye akaanza kuyaita sigara. Kiswahili alikisoma kwa akina mama hao, kwa hiyo aliongea kwa kuvuta maneno kama mtu wa milimani, na alipokwenda sokoni mjini watu walimcheka, kwa upole lakini walimcheka.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwaka wa kwanza alinifanya nikwangue tu. Mwaka wa pili alinipa kisu cha kuchania. Mwaka wa tatu alianza kuniachia meza na kwenda mashambani siku nzima. Kila mwisho wa mwaka Bosi aliniita nijaze taarifa ya maendeleo: nimejifunza nini, imebaki nini. Nilijaza kwa uaminifu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku safu ya yaliyobaki itakuwa tupu, na kwamba siku hiyo ina maana yake.

Muda wa kibali ulipokaribia kwisha, Bosi aliomba uongezwe. Tukaambiwa afisa wa kazi atakuja kukagua. Jioni iliyotangulia Bosi aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Kesho akikuuliza," alisema, "sema bado unajifunza."

"Mzee, nimeshajua."

"Najua umeshajua. Sema bado."

Hakusema kwa ukali. Alinieleza kwamba wanunuzi wanauamini mkono wa Fundi, kwamba mwaka mmoja tu ungetosha kuwazoesha mkono mwingine. Nilimuaga nikatoka. Nadhani alidhani nimekubali. Mimi mwenyewe nilidhani nimekubali.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye faili la kijani na viatu vya kutembelea. Tulimwamkia, akaitikia mmoja mmoja. Alitazama vibali vya Fundi, cha kazi na cha ukaazi, akaviweka kando. Kisha akaomba nimwonyeshe kazi. Fundi akasogea ukutani, akaanza kufunga kamba za kuanikia kana kwamba hayamhusu. Nilichukua kijiti, nikakwangua, nikasugua, nikachana. Gome likatoka zima. Afisa alilishika, akalinusa.

"Huyu akiondoka leo, kazi itaendelea?"

"Itaendelea," nilisema.

"Wewe unaiweza?"

"Naiweza."

Akaandika. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, akatazama nje. Yote hayo hayakuchukua hata muda wa kumaliza chai.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilisikia nini ndani yangu wakati ule. Sikuwa na uchungu na Bosi, wala tamaa ya cheo, wala uzalendo wa kusimulia. Gome lilikuwa mkononi mwa afisa, zima, na mimi ndiye niliyelitoa. Ningeonekana kichaa kusema siwezi. Nadhani ni hilo tu.

Bosi hakunigombeza. Kwa siku mbili aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Siku ya tatu akainua.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Ombi limekataliwa kwa kuwa ujuzi husika unapatikana kwa raia. Bosi alikata rufaa, akajibiwa vilevile, kwa maneno yaleyale isipokuwa tarehe. Sikuona kosa katika barua hiyo. Sheria ilikuwa imefanya ilichoandikiwa kufanya. Mtu alikuja, akafundisha, mwenyeji akajua, mtu arudi kwao. Ukiisoma harakaharaka ni habari njema.

Nilikwenda kumsaidia Fundi kufungasha. Chumba alichopanga kilikuwa karibu na kwetu, na vitu vyake viliingia katika begi moja na mfuko wa salfeti. Alikuwa anakunja shati aliponiuliza.

"Dada, ulisema unaweza?"

"Ndiyo."

Akamaliza kulikunja, akachukua jingine.

"Unaweza," alisema. "Mkono wa kushoto bado unakaza sana. Legeza."

Hatukuzungumza zaidi ya hapo kuhusu jambo lile. Fimbo yake ya shaba aliizungushia taulo akaiweka katikati ya nguo, na nilikuwa nimetumaini angeniachia. Ilikuwa ya baba yake. Mimi nilikwenda kwa fundi wa vyuma mjini akanichongea nyingine, nyepesi kidogo, na ndiyo ninayotumia. Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza mpaka stendi ya Msamvu, akapanda basi la Dar es Salaam, akakaa upande wa pili ambako hatukuweza kumwona.

Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nimechukua nafasi ya Mzungu. Nilimwambia Fundi si Mzungu. Akasema ni mgeni, basi inatosha. Walikuja kunipongeza na kilo mbili za mchele wa Dakawa. Nilipewa barua ya cheo, na picha yangu ikabandikwa ukutani ofisini chini ya leseni ya biashara. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa mtaalamu. Niliamka, nikaenda, nikakagua unene wa magome, nikarudi. Nilikuwa nangoja kufurahi, kama mtu anayengoja chai ipoe, na nilipokumbuka kuinywa ilikuwa imekuwa baridi.

Halafu korona ikaja. Barua pepe ya wanunuzi ilifika siku ya Jumatatu na Bosi akatutafsiria kwa sauti, kwa Kiswahili, akisimama kwenye kila sentensi. Walisema tusitume mzigo mpaka watakapotuambia. Mzigo uliokuwa Dar es Salaam ukarudishwa Bigwa kwa lori lilelile lililoupeleka. Tuliupanga upya mahali ulipokuwa, maboksi yakiwa na mihuri ya kusafirishwa.

Bosi alitusimulia habari za nchi nyingine alizozisikia redioni, jinsi serikali zao zilivyokuwa zikiwalipa watu mishahara wakiwa wamekaa nyumbani. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesoma habari za mvua ya mahali pengine. Kwetu ilikuja fomu, kupitia waajiri wenzake, iliyouliza biashara imeathirika vipi na wafanyakazi wangapi wameguswa. Niliichapa mimi. Kwenye nafasi ya maelezo Bosi aliniambia niandike kwamba mdalasini hauozi lakini watu wanakula kila siku. Tukatuma, tukapata ujumbe kwamba imepokelewa. Sina la kuongeza kuhusu fomu hiyo.

Ikabidi wamenyaji waende likizo bila malipo, na mimi pamoja nao. Sheria inataka mashauriano, kwa hiyo afisa yuleyule akaja, safari hii amevaa barakoa ya kitenge. Alikaa nasi kwenye mabenchi nje ya ghala, akatueleza haki zetu polepole, akarudia kwa mama mmoja aliyekuwa hasikii vizuri. Alipomaliza alinitambua.

"Wewe ndiye uliyebaki," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Pole."

Nilikwenda kwenye ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii kuuliza fao la kukosa ajira, kwa sababu michango yangu ilikuwa imekwenda miaka yote minne. Tulinawa mikono kwenye ndoo mlangoni, tukapanga foleni kwa kuachiana nafasi. Karani alinisikiliza vizuri. Akaniuliza kama nimeachishwa kazi. Nikamwambia nipo likizo bila malipo. Akasema basi sijakosa ajira, ninayo, isipokuwa kwa sasa sifanyi kazi na silipwi. Alinifafanulia mara mbili na mara ya pili nilimwelewa kabisa. Nikamshukuru.

Nikaenda kwa Bosi nikamwomba aniachishe kwa barua. Alikuwa dukani kwake, nyuma ya magunia ya maharage.

"Siwezi," alisema. "Walimwondoa Fundi kwa sababu wewe upo. Nikikuachisha na wewe, nitaiambia nini serikali?"

Alinipa paketi ya sukari nimpelekee mama.

Miezi ile nililala sana mchana. Mama, aliyekuwa mwalimu na amezoea kuamsha watu, aliniacha. Nilimsikia akifagia uwanja taratibu ili ufagio usinisumbue. Fundi alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti. Kwao walifungiwa ndani kwa wiki nyingi. Akasema kijijini kwao kila nyumba ina mmenyaji, vijana wenye mikono myepesi, na hakuna anayemwita mtaalamu. Alikuwa analima mboga. Aliniuliza kama masika imeanza na kama yule mzee wa Kinole aliyetuuzia vijiti ameikata miti yake chini ipate kuchipua. Nilimjibu. Mara ya kwanza nilijibu siku hiyohiyo, baadaye siku zikawa zinapita.

Kilichotufungulia ghala kilikuwa tangawizi. Watu walikuwa wanajifukiza, wanachemsha tangawizi na malimau asubuhi na jioni, na milima ya Uluguru ina tangawizi. Bosi akanunua, akaniita mimi na akina mama sita. Tulikaa kwenye mabeseni pale palipokuwa na meza za mdalasini, tukaosha tangawizi kutwa nzima, mikono ikawa inawaka mpaka usisikie tena kama inawaka. Maboksi ya Ulaya yalikuwa nyuma yetu. Mama mmoja aliuliza Fundi angekuwepo angekuwa anafanya nini.

"Angeosha tangawizi," nilisema.

Walicheka. Mimi pia nilicheka, nadhani.

Nilikuwa mtaalamu aliyeosha tangawizi kwa muda unaokaribia mwaka. Halafu wanunuzi wakaandika, kwanza oda ndogo, na wamenyaji wakarudi, tisa kati ya kumi na wawili. Mmoja alikuwa ameolewa Gairo, mmoja amefungua genge, mmoja alikufa mwezi wa Februari na hatukuambiwa ugonjwa. Mzigo wa kwanza niliukagua peke yangu, ukaenda, wakasema umefaa. Bosi alinionyesha ujumbe wao kwenye simu, akasema, "Haya," akarudi dukani. Nilimtumia Fundi habari hiyo kwa sauti. Haikusikilizwa. Baadaye niliona namba yake ina picha ya bibi harusi nisiyemjua, na nikaelewa kwamba namba imepewa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata afisa alinipigia simu. Kulikuwa na kikao mjini kuhusu ajira za wageni, wametafuta mfano wa mahali ambapo raia amerithi ujuzi kweli, na akanikumbuka. Nilivaa gauni la kitenge la mama. Ukumbini walikuwapo waajiri, walimu wa vyuo, watu wa halmashauri. Waliniita mbele nikasimulia: nilivyojifunza, miaka mingapi, kwamba sasa naongoza kazi yote na kwamba magome yetu yanauzwa nje. Yote yalikuwa kweli. Afisa alikuwa mstari wa mbele akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika, na sikumwonea kinyongo. Wakapiga makofi. Nikapewa cheti kilichowekwa kwenye fremu ya plastiki.

Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono. Aliuliza yule mtaalamu yuko wapi sasa.

"Alirudi kwao," nilisema.

Mwenyekiti akanishukuru, nikakaa. Mada iliyofuata ilikuwa usalama mahali pa kazi, na niliandika vizuri, kurasa mbili, kwa sababu visu vyetu havina vishikio vya kutosha. Saa nane tukapewa chakula na soda. Nikapanda bodaboda mpaka Bigwa, nikambadilishia mama betri ya redio, nikapiga pasi ovaroli. Kesho yake ilikuwa zamu ya Kinole, vijiti vilikuwa vimefika kipimo, na ilinibidi niondoke kabla jua halijachomoza.