Mama Ndani ya Kompyuta

Mimi sikuzaliwa mpole. Mama alikuwa akisema surua ilipoyachukua macho yangu nikiwa mtoto, kwetu Likoni, ilinilipa kwa mdomo, tena ikazidisha. Na mdomo huo ndio ulionipa kazi. Miaka ya themanini nilikuwa katika duka la kaseti huko Kisauni, nikirekodia watu nyimbo na kuwaambia wazi wakichagua vibaya, nao wakirudi tu. Miaka ya tisini ilipokaribia kwisha, kituo kidogo cha redio kikafunguliwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na mwenye kituo akaja kunitafuta. Nikapewa kipindi cha salamu, kila siku alasiri.

Kaseti zangu nilizijua kwa vidole. Ya taarabu niliifunga uzi, ya dansi niliikwaruza kwa wembe pembeni, ya kasida niliibandika kijipande cha kitambaa. Kadi za salamu alinisomea shoga yangu tuliyepanga naye nyumba moja Mjambere, nami nikizichoma kwa nukta nundu. Nikikaa kwenye maiki hakuna msikilizaji aliyejua kwamba anayemsomea anasoma kwa ncha za vidole. Wallahi, nilikuwa na raha zangu.

Basi siku moja mwenye kituo akatukusanya, sauti yake imejaa furaha kama bwana harusi. "Mwezi ujao kaseti basi," akasema. "Tumenunua kompyuta. Nyimbo zote zimo humu ndani."

Nikashikishwa kitu kidogo chenye mkia wa waya, wakakiita mausi. Nikakisukuma huku na huku juu ya meza. "Sasa hapa nipo wapi?" nikauliza.

"Wewe angalia tu mshale kwenye kioo, dada," akanijibu, kisha akajisikia mwenyewe alichokisema.

Haraka haraka akasema watanihamishia kwenye simu. Kupokea simu nako ni kazi ya heshima, akasema, tena unakaa kwenye feni.

"Basi ipokee wewe," nikamwambia, nikatoka na fimbo yangu, nikashuka ngazi huku nimechemka.

Aliyenifuata ngazini ni fundi wa kompyuta, kijana wa bara ambaye programu ile ya kupigia nyimbo aliitunga mwenyewe. "Pole, siz," akasema, siz kwao ni dada. "Hiyo makosa ni yangu. Nilitengeneza nikifikiria macho tu."

"Haya, itengeneze tena, ufikirie na masikio."

Nilisema kwa hasira, yeye akaichukua kama kazi. Akaenda kumsihi mwenye kituo, naye akakubali shingo upande: Jumamosi moja nitaendesha kipindi kizima peke yangu kwa kompyuta ile, bila mtu wa kunishika mkono. Nikiweza, kiti ni changu. Nisipoweza, simu.

Kwanza fundi aliitupa ile mausi, akaniwekea mishale ya kibodi: juu, chini, na kitufe kikubwa cha kupigia wimbo. Hapo sawa. Lakini nitajuaje nimesimama kwenye wimbo gani? Akautia kila wimbo mlio wake, studio ikawa banda la vifaranga. Akaleta programu ya ng'ambo inayosoma maandishi ya kioo. Kiswahili chetu ilikisoma kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikamwambia airudishe ilikotoka.

Mwishowe akanirekodi mimi mwenyewe nikitaja nyimbo, na kila nikigusa mshale sauti ikawa inanijia kwenye hedifoni tu, wasikilizaji wasiisikie. Akili nzuri, lakini nilipokuwa nikisema na watu huku nikijisikia tena sikioni, nilipotea kabisa. Sikujua yupi kati yetu ndiye mimi.

"Tunataka sauti si yako," fundi akasema, "na yenye huwezi kuipuuza."

Nikacheka. "Sauti hiyo naijua. Iko Likoni."

Ila mama kazi yangu hakuipenda hata kidogo. Kila nikenda kumwamkia, nikishapata marahaba yangu, huanza: "Mwanamke wa watu kupayuka hewani, ndiyo nini? Rudi nyumbani, chumba chako kipo." Kwa hiyo sikumwomba lolote. Nilimweleza tu habari ya mausi, na kioo, na mshale.

Kisha akauliza, "Kimekudharau?"

"Kimenidharau, mama."

Kesho yake asubuhi akavuka feri na mahamri yake kikapuni, akapanda ngazi za kituo akihema. "Kiko wapi hicho kilichomdharau mwanangu?"

Fundi akamkalisha mbele ya maiki. Kwa kuwa mama hakusoma, fundi alimpigia kila wimbo kidogo, akamwambia autaje kwa ufupi. Ufupi! Mama kila wimbo aliutolea hukumu.

"We mwana! Hii ni taarabu ya wivu. Ndefu, lakini tamu."

"We mwana! Hii ya vijana. Kelele tupu, lakini wenyewe waipenda."

"We mwana! Hii kasida. Jifunike kichwa."

Fundi akamwomba kwa adabu aache ile "we mwana", inachelewesha. Mama akamgeukia. "Nyinyi kwenu mwamrukia mtu kwa maneno hamjamwita? Mtu huitwa, akaitika, ndipo akaambiwa."

Fundi akanywea. "We mwana" ikabaki kila mahali. Walipokaribia kumaliza, mama akanituma jikoni nikaangalie chai, naye akabaki na fundi kwa muda. Sikushuku kitu. Mama kukutuma chai ni jambo la kila saa.

Nikafanya mazoezi, maiki ikiwa imezimwa. Mama ananiita sikioni, naitika, ananiambia, nabonyeza. Mambo yakawa mswano. Kwamba nilikuwa naitika kwa mdomo, tena kwa sauti, mimi sikutambua, na fundi naye hakuona ajabu.

Jumamosi ikafika. Mwenye kituo akakaa chumba cha pili, kile chenye simu, mlango wazi. Nikafungua maiki, nikawaamkia watu, nikapiga wimbo wa kwanza, ukaja uleule nilioutaka. Roho ikatulia. Nikachukua kadi, mkono wa kushoto kwenye nukta, wa kulia kwenye mishale nikitafuta wimbo unaofuata.

"Salamu hizi ziwafikie jamaa wote wa Changamwe, hasa hasa mama mkwe wangu ambaye..."

"We mwana!" sikioni.

"Abee, mama!" nikaitika.

Hewani. Kisauni nzima. Lakini redio hainyamazi, nikamalizia kadi na kupiga wimbo. Nikajiapia kwamba halitatokea tena. Kadi ya pili, nikaibana midomo, kidole kikagusa mshale.

"We mwana!"

"A-abee!"

Haizuiliki, jamani. Abee nilifunzwa kwa mwiko. Kwetu mtoto wa kike akiitwa asiitike, siku hiyo hali. Nikasikia simu ya chumba cha pili inaanza kulia. Ikapokewa, ikawekwa, ikalia tena. Niliogopa, nasema kweli. Nilijiona nimekaa pale kwenye feni, napokea simu hizo za malalamiko mpaka nazeeka. Lakini nyimbo zilikuwa zinakuja moja baada ya moja kama nilivyotaka, na nikasema kama ni kufukuzwa basi nifukuzwe nikiwa nafanya kazi. Nikaendelea kusoma, mama akaendelea kuita, nami nikaendelea kuitika mbele ya umma wa Mungu.

Wimbo wa mwisho ulipoanza nikafunga maiki. Mwenye kituo akaingia.

"Watu wanapiga simu," akasema.

"Nawasikia. Sina masikio mabovu."

"Wanauliza huyo mama unayemwitikia ni nani, mbona hasikiki." Kumbe alikuwa anajizuia kucheka. Sasa akashindwa. "Yuko mzee mmoja anasema nyumbani kwake abee ilikufa zamani. Ameongeza sauti ya redio ili wanawe wasikie. Wengine wanataka kumtumia huyo mama salamu."

"Na kiti changu?"

"Kiti gani tena? Si umekikalia?"

Nikataka kumjibu neno kali, kwa mazoea tu, nikalikosa. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Siz," akasema, "hujafunga programu. Bonyeza ile kitufe ya mwisho, ya pembeni."

Kitufe hicho sikuwahi kukigusa. Katika mazoezi alikuwa akifunga yeye. Wimbo ukaisha, nikakibonyeza.

"We mwana! Umemaliza salama. Niko hapa na redio yangu, nakusikia. Kesho usichelewe kazini."

Aliyasema hayo siku ile ya kurekodi, mimi nikiwa jikoni na chai, wakati hakuna aliyejua kama kesho nitakuwa na kazi ya kuchelewa. Ni mama huyuhuyu wa rudi nyumbani, chumba chako kipo. Nililia palepale, mwenye kituo akiniona, wala sikujali.

Maiki ilikuwa imezimwa. Niliitika vivyo hivyo.