Nafasi Baada ya "Bure"

Jirani yetu mwandika mabango ana rangi kwenye kucha ambayo hata mafuta ya taa yameshindwa kuitoa. Kodi ikipanda husonya kwanza, kisha husema, "Serikali ikikupa shati, shika suruali yako." Jana zahanati ilimwita aandike ukutani MATIBABU BURE. Mimi na mama tulikuwa kwenye benchi, tukisubiri sindano yake ya sukari. Neno la kwanza aliliandika bila kupumzika. Kwenye la pili akasita, akanigeukia. "Dada, hii ni bure ya kutolipa, au bure ya kujichosha?" Benchi zima likacheka. Alipomaliza, maneno yote yalikuwa yamebanana kushoto, na kulia ukuta ulikuwa mtupu.

"Mbona umeyasukumia upande mmoja, kaka?" nikamuuliza.

"Nimewaachia nafasi," alijibu, akipangusa brashi kwenye suruali. "Kodi zetu wakishazimaliza, wataniita niongeze 'isipokuwa'."

Mama, ambaye macho yake hayasomi tena, akaniuliza pameandikwa nini. Nikamsomea.

"Basi, ni hayo tu?"

"Basi, mama," nikasema, huku nikiutazama ule ukuta mtupu.