Siku Niliposoma "Umfishe"

Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya themanini, na wajukuu wangu wakitaka kunipunguza kiburi hunitajia neno moja tu. Basi leo nawaeleza mwenyewe, alhamdulillahi, maana wengi walionicheka wametangulia mbele ya haki (Mungu awarehemu), nami nawakumbuka kwa mapenzi.

Mdogo wangu Mwanaisha alikuwa anaolewa, kwetu Malindi. Nyanya yetu alimtungia utenzi wa kumuusia mambo ya uke na nyumba, kama yeye alivyousiwa na nyanya yake, akauandika kwa harufi za Kiarabu, kisha macho yakamtupa, kazi ya kuusoma ikaniangukia mimi. Asubuhi ya harusi akaniita: "Njoo nikupitishie, uusikie kwa mdomo wangu kwanza." Nami, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa madrasa, hina haijanikauka mkononi, nikamjibu, "Nyanya, mimi nasomesha Kurani, nitashindwa na Kiswahili?" Akacheka tu. (Laiti angenizaba kofi.)

Alasiri nyumba imejaa wanawake, udi unafuka, Mwanaisha ameinamisha kichwa, na mbele kabisa ameketi mamake bwana harusi, Bi Zuhura, aliyekuja na watu wake kutoka visiwani kumchukua mkwe. Nikaanza kusoma kwa madaha, kila ubeti ukiisha wanawake wanaupokea mstari wa mwisho, mpaka nikafika hapa:

Mkweo akizeeka,
na nguvu zikamtoka,
usimwache kuteseka,
kwa mikono umfishe.

Na wanawake, kwa mazoea, wakaitikia kwa nguvu: "Kwa mikono umfishe!"

Kisha kimya. Mimi nikadhani maneno yamewaingia, nikaurudia mstari, safari hii kwa sauti ya juu zaidi.

"Umfishe nani, mwalimu?" akauliza Bi Zuhura.

"Mkwe, Bi," nikamjibu kwa adabu.

"Umvishe!" nyanya akapiga kelele kutoka nyuma. "Umvishe nguo, weye!"

Wazee wetu waliandika fe na ve kwa harufi moja, msomaji ndiye achague, na mimi, niliyezoea kuwafundisha watoto kuwa Mola ndiye ahuishaye na afishaye, nikamchagulia yule mama mauti. Lakini zogo lilikuwa limeshapanda, hakuna aliyemsikia nyanya. Bi Zuhura alikwisha simama. "Twendeni. Hapa sichukui mtu." Akawa anahangaika na buibui lake, kwani bega moja lilikuwa halinyanyuki, na watu wake wote wanakusanya viatu.

Mwanaisha, ambaye desturi ilimtaka asiinue hata macho, akashuka kitini. Akaushika ule mkono mgonjwa, akaupitisha taratibu, akamvisha mkwewe buibui, akalifunga vizuri kichwani.

Bi Zuhura akamtazama sana.

"Haya nivue, mwanangu," akasema. "Siendi."

Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe mwalimu, umeshaposwa?"

"Bado, Bi."

"Alhamdulillahi! Kuna mama mahali fulani ameokoka!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na nyanya akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kesho yake asubuhi nikaenda kuketi mkekani pake, nikaupokea utenzi wote kwa mdomo, ubeti kwa ubeti, mwezi mzima. Tangu siku hiyo sisomi maneno ya mtu mbele za watu kabla sijayasikia kwake mwenyewe, na posa nayo, kwa habari ile kuenea mji mzima, niliingoja miaka minne.