Ukuta wa Mzee Vitus

Vitus hajui kuchora. Niliseme hilo mapema, maana siku hizi watu wanamwita msanii na yeye anakasirika. Watu wake wana vichwa vya viazi, na Benedikto mpaka leo analalamika kwamba pua ile si yake. Lakini kwa miaka kumi na minne kiwanda chetu cha mkonge, huku tambarare, mwendo wa baiskeli kutoka Maore, kilifundishwa kazi na ukuta alioujaza michoro mtu huyo.

Mimi naitwa Agatha, naanika singa za mkonge kwenye nyaya za nje, na Vitus ni wa kwetu Mhezi. Baba yake ndiye aliyegawa zamu za maji ya ndiva, lile bwawa tunalokingia maji ya kumwagilia. Hakuandika kitu. Alichukua kijiti, akachora mifereji kwenye matope, akamwambia kila mwenye shamba: "Nionyeshe maji yako yanapita wapi." Ukikosea, anafuta, anachora upya. Vitus alikulia miguuni pa mzee huyo, na aliposhuka mlimani kuja kuwa fundi wa mitambo alishuka na akili hiyo hiyo.

Mtambo wenyewe unaitwa korona. Jina ni la zamani kuliko ule ugonjwa, basi usitucheke. Majani ya mkonge yanatandazwa mezani, mnyororo unayabana na kuyavuta ndani, ngoma zenye visu butu zinayakwangua mpaka zibaki nyuzi, ndizo singa. Anayetandaza anasimama hatua moja tu kutoka kwenye mnyororo. Wanaosimama hapo wanatoka kila pembe ya nchi, Kasulu, Kondoa, Makete. Wengine hawajui kusoma, na wanaojua hawasomi matangazo. Mimi mwenyewe sijawahi kusoma tangazo lolote mpaka mwisho.

Kwa hiyo kila aliyeumia, Vitus alimwomba ruhusa, akamchora ukutani kwa mkaa na rangi iliyobaki ya geti. Benedikto na vidole vyake viwili vilivyokwenda. Leticia na kilemba chake kilichonaswa. Na Tumainieli, aliyekuwa amevaa glavu. Huo ulikuwa mchoro mkubwa kuliko yote: glavu imebanwa na mnyororo, na juu yake eksi nyekundu. Mkono mtupu ukiguswa unachubuka na kuchomoka. Glavu inanasa, na ikishanasa hairudi.

Mgeni akija, Vitus hakumweleza chochote. Alimsimamisha mbele ya ukuta. "Haya, niambie. Huyu kapatwa na nini?" Mgeni akisimulia vibaya, Vitus hakumlaumu, alichukua mkaa akarekebisha mchoro. Tangu ichorwe glavu ya Tumainieli ilipita miaka sita bila mkono wa mtu kwenda.

Mwaka jana tukaambiwa wakaguzi wanakuja, wametumwa na wanunuzi wa nje. Abednego, afisa usalama wetu, kijana msafi mwenye tableti na wala si mtu mbaya, akatuita kantini.

"Wazee wangu, ule ukuta unatuangusha," alisema. "Hauna standadi. Mkaguzi akiona vile vichwa si atauliza hiki ni kiwanda au chekechea?"

Tukacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Vitus alitazama viatu vyake.

Abednego akafunua mabango tisa ya plastiki yaliyochapwa mjini. Yalipendeza kweli. La nne lilikuwa na mtu anayetabasamu, kavaa glavu, kainua dole gumba, na tiki kubwa ya kijani. Chini yake: VAA GLAVU WAKATI WOTE.

"Mzee Vitus, wewe ndiye mwenye uzoefu. Unasemaje?"

Aliiona. Ameniambia mwenyewe kwamba aliiona glavu ile kabla ya kitu kingine chochote. Lakini alikuwa mtu wa darasa la nne, ametoka kuchekwa mbele ya wenzake, na mezani pamelazwa picha iliyotoka kwenye mashine. "Ni mazuri," akasema. "Yanapendeza." Akapewa kalamu, akasaini kwamba ameyahakiki yote tisa. Kesho yake akaupaka ukuta chokaa kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili, kwa sababu hajawahi kufanya kazi nusunusu.

Husna alikuja miezi mitatu baadaye kutoka Kondoa, mama wa watoto wawili, mwepesi wa kazi na mwepesi wa kuimba. Siku ya pili tu akamfuata Vitus, aliyekuwa anapaka mtambo grisi. Nilikuwa napita na furushi la singa, nikasikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hizi glavu zinavutwavutwa na mnyororo. Naona heri nizivue."

Hapo neno moja lingetosha. Vitus hakuinua hata kichwa.

"Fuata picha," alisema. "Siku hizi mimi sichori."

Kilikuwa kinyongo tu, kinyongo cha mzee aliyenyang'anywa ukuta wake, nacho kikamwangukia mtu asiyehusika. Na mimi niliyesikia nikaendelea na furushi langu.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Nilisikia wimbo unakatika, halafu sauti ambayo sitaieleza. Vitus ndiye aliyewahi swichi. Husna alikimbizwa hospitali, Same, akarudi baada ya wiki tano, mkono wa kulia umeishia chini kidogo ya kiwiko. Kwenye ripoti Abednego aliandika kwamba mfanyakazi hakuzingatia maelekezo, na kwenye kikao akatukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Husna alilisikia la mkuu, na la bango pia.

Vitus akaenda kwenye kambi ya wafanyakazi kumpa pole. Aliniomba twende wote, maana aliogopa, na akabeba mkungu wa ndizi kutoka Mhezi. Tulimkuta Husna ameketi mlangoni, anajifunza kufunga kanga kwa mkono mmoja na meno. Vitus akamwambia yote, bango, saini, na siku ile ya grisi.

"Uliponiuliza nilikuwa najua, mwanangu," alisema. "Nilikuwa najua."

Husna alivuta ncha ya kanga kwa meno mpaka fundo likakaza.

"Wanasema ulikuwa unawachora walioumia."

"Nilikuwa."

"Basi nichore. Sura iwe yangu, watu wanijue. Na glavu uichore kubwa." Kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na wewe ujichore. Hapo hapo pembeni yangu, na kalamu yako mkononi."

Vitus alilia. Husna hakulia, wala hakumwambia anyamaze.

Alichora Jumapili, kiwanda kimezimwa, wenzake wako kanisani. Husna alisimama nyuma yake akimkosoa pua, macho, mdomo, mpaka sura ikafanana. Jumatatu meneja akaamuru ukuta upakwe chokaa upya. Tuliulizwa mmoja mmoja, na hakuna aliyekubali kushika brashi, hata vibarua wa siku moja. Abednego alisimama mbele ya mchoro kwa muda mrefu, halafu akaenda akalibandua bango la nne na kulikunja. Ripoti hakuibadilisha.

Husna amesharudi kwao Kondoa. Vitus bado anawasimamisha wageni mbele ya ukuta. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mama mmoja wa Kasulu, naye alisimulia vizuri tu: dada huyu alivaa glavu, mnyororo ukaishika, mkono ukaenda. Kisha akasogea karibu na yule mtu wa pembeni mwenye kichwa cha kiazi.

"Na huyu mwenye kalamu, yeye alipoteza nini?"

"Hakupoteza kitu," Vitus akajibu, kisha, kama anavyofanya siku zote, akamsubiri mgeni asimulie mwenyewe.